Saa Mbili ya Nani? Hoja Dhidi ya Kuta za Vitivo

Kutoka mlango wa idara yangu ya Kiswahili hadi mlango wa shule ya afya ya jamii ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Katikati ya njia kuna mama anayekaanga roleksi, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, na wanafunzi wa pande zote mbili hupanga foleni moja mbele yake. Kwa miaka miwili na nusu niliitembea njia hiyo nikiishia kwenye chapati. Sikuwahi kuvuka kwenda upande wa pili kwa sababu ya masomo, wala sikumwona mtu wa upande wa pili akija kwetu kuuliza hata neno moja. Nilidhani hivyo ndivyo chuo kikuu kinavyopaswa kuwa. Leo nasema waziwazi kwamba nilikosea, na kwamba utaratibu huu wa kila kitivo kujifungia kwake unaumiza watu ambao hawajawahi kukanyaga chuo maishani mwao.

Nieleze kwanza kilichonibadilisha.

Katika mwaka wa tatu nilikwenda kwenye makazi ya wakimbizi magharibi mwa Uganda kukusanya data ya tasnifu yangu. Nilitaka kuchunguza Kiswahili cha Wakongo waliotoka Kivu: viambishi vyao, msamiati wao na namna Kifaransa kilivyoingia humo. Nilikuwa na kinasa sauti, daftari na barua ya idara. Nyumba ya wageni niliyofikia ilikuwa na taa moja tu ya sola sebuleni, na chini ya taa hiyo nilimkuta binti mmoja akijaza majedwali. Tulipoulizana habari tukagundua kwamba tunasoma chuo kimoja, kwamba asubuhi ile tulipanda basi moja, na kwamba tumekuja kuwahoji watu walewale. Yeye alikuwa wa afya ya jamii. Tasnifu yake ilihusu wagonjwa wa kifua kikuu wanaoacha dawa kabla ya kumaliza.

Jambo hilo si dogo. Dawa za kifua kikuu cha kawaida humezwa kwa miezi 6: miezi 2 ya mwanzo dawa za aina nne, na miezi 4 inayofuata dawa za aina mbili. Anayekatiza njiani hajidhuru peke yake. Vimelea vilivyobaki mwilini vinaweza kuwa sugu, na kikohozi kinarudi kwa watoto anaolala nao chumba kimoja. Kwa hiyo kliniki huweka daftari. Mgonjwa aliyekosa dawa kwa miezi 2 mfululizo huandikwa humo kwa neno la Kiingereza ambalo kwa Kiswahili cha hospitalini ni "mtoro".

Siku ya tatu mkalimani wa rafiki yangu aliugua, akaniomba nikae naye katika mahojiano. Aliyekuja kuhojiwa alikuwa mama wa makamo kutoka Kivu ya Kaskazini. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya watoro. Rafiki yangu alitaka kujua kwa nini alikuwa ameacha kuja kliniki, nami nikauliza.

"Mulinambia kukuya saa mbili," mama alisema. "Nilikuya saa mbili. Nilikuta mulango imefungwa. Wiki ingine nikarudia, saa mbili, mulango imefungwa. Nikasema, basi, hawatutaki."

"Mama," nikamwuliza, "saa mbili gani?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto mjinga. "Saa mbili ya muchana. Iko saa mbili gani ingine?"

Sisi tuliolelewa Uganda, sawa na wenzetu wa Kenya na Tanzania, huanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Saa mbili asubuhi yetu ndiyo ile ambayo mshale wa saa unaonyesha 8. Muuguzi aliyempangia mama yule siku ya kurudi alikuwa Mnyankole, na kichwani mwake alikuwa anafikiri "shaaha ibiri", ambayo ni hiyohiyo saa mbili ya asubuhi. Lakini mama yule alitoka mahali ambapo saa huhesabiwa kwa Kiswahili kama zinavyohesabiwa kwa Kifaransa, yaani kama zilivyoandikwa kwenye uso wa saa. Akasikia mbili, akaja saa 2 mchana, ambayo kwetu ni saa nane. Kliniki ilikuwa inafunga saa saba. Mara mbili alitembea kilomita kadhaa juani kuja kugonga mlango uliofungwa, na mara mbili alirudi bila dawa. Kisha daftari likamwita mtoro. Mtu aliyekimbia vita kweli akaandikwa kwamba amekimbia vidonge.

Rafiki yangu alishusha kalamu yake. Dodoso lake lilikuwa na visanduku vya umbali, njaa, madhara ya dawa, aibu, na kimoja kilichoandikwa kwa Kiingereza "uelewa mdogo wa umuhimu wa matibabu". Halikuwa na kisanduku cha saa. Kabla ya siku ile wagonjwa waliosema kwamba walifika wakakuta pamefungwa alikuwa amewaweka kwenye kisanduku hicho cha uelewa mdogo, kwa sababu hakikuwapo kingine cha kuwaweka.

Lakini asicheke mtu wa isimu. Usiku ule nilifungua daftari langu mwenyewe. Siku ya kwanza tu nilikuwa nimeandika, kwa mwandiko mzuri, kwamba wazungumzaji hawa huhesabu saa kwa mtindo wa Kifaransa. Nililiweka jambo hilo chini ya kichwa cha "Mengineyo". Nilikuwa nalo jibu la swali lake, nami nikalichukulia kuwa pambo la kupamba sura ya tatu ya tasnifu. Haikunijia kabisa kwamba jambo hilo linaweza kumnyima mtu dawa. Yeye alikuwa na tatizo bila sababu yake, mimi nilikuwa na sababu bila tatizo lake, na chuo kilichotulea wote wawili hakikuwa kimeweka mahali popote pa kukutana isipokuwa kwa mama wa chapati.

Tuliporudi Kampala tulikuwa na furaha ya watu waliookota kitu cha thamani. Tulitaka kuandika tasnifu moja, au walau mbili zenye sura moja ya pamoja: yeye ahesabu ni wagonjwa wangapi walioandikwa watoro walifika saa isiyo yao, mimi nieleze lugha iliyowafikisha hapo, na mwisho tupendekeze kadi mpya ya kliniki. Msimamizi wangu alinisikiliza kwa upole, kisha akaniuliza, "Wewe ni mwanaisimu au daktari?" Msimamizi wake alimwambia kwamba habari ya mama yule ni hadithi, si data, na kwamba akitaka aitaje kwenye shukrani. Tulikwenda ofisi ya mkuu wa kitivo. Karani, mtu mwema kabisa, alituonyesha fomu. Ina mstari mmoja wa jina la mwanafunzi, mmoja wa msimamizi, mmoja wa idara. "Hii mkitaka kuibadilisha," alisema, "lazima ipite seneti." Sisi tulikuwa tumebakiwa na miezi minne.

Basi tukaandika tasnifu mbili. Yake iko kwenye maktaba moja, yangu kwenye nyingine. Kila moja ina nusu ya ukweli, na anayeisoma moja hana njia ya kujua kwamba nusu ya pili iko ng'ambo ya barabara.

Najua majibu yanayotolewa mtu akilalamika hivi, kwa sababu nimeyasikia yote. La kwanza ni methali: mshika mawili moja humponyoka. Wanaosema hivi wanatuonya kwamba mwanafunzi anayegusa taaluma mbili hatajua hata moja. Wana haki ya kuhofia ujuajuaji. Nimewasikia wanafunzi wa lugha wakitoa hukumu juu ya chanjo, na wanafunzi wa tiba wakitunga istilahi za Kiswahili ndani ya teksi. Lakini methali hiyo inamhusu mtu mmoja anayeshika vitu viwili. Sisi tuliomba jambo lingine: watu wawili washike kitu kimoja. Mimi sikutaka kusoma eksirei, wala rafiki yangu hakutaka kuchambua mofimu. Kila mmoja alitaka kubaki na kazi yake, aifanye kwa kina, lakini aifanye mbele ya mwenzake. Ushirikiano wa taaluma unawahitaji watu wenye kina. Wasio na kina hawana cha kuleta mezani.

Historia ya Kampala yenyewe inalithibitisha hili. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Alipoanza kuwatafuta watoto wengine wa namna hiyo, aliuliza swali ambalo si la mpasuaji: wanatoka wapi? Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari maili zipatazo 10,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakipita hospitali moja baada ya nyingine na picha za wagonjwa mkononi. Ramani waliyoirudisha ilionyesha kwamba saratani ile inafuata joto na mvua, na inatoweka kwenye nyanda za juu zenye baridi. Mwaka huohuo Burkitt alipotoa mhadhara London, mtafiti wa virusi Anthony Epstein alikuwa miongoni mwa waliomsikiliza. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Mpasuaji aliazima macho ya mtu wa jiografia, na mtu wa darubini ya elektroni akamsikiliza mpasuaji. Hakuna aliyeacha fani yake. Leo mwanafunzi wa Kampala anaifahamu saratani ya Burkitt kama swali la mtihani, lakini namna ilivyogunduliwa hafundishwi kama mfano wa kuigwa.

Jibu la pili ninalopewa ni kwamba ushirikiano huo upo tayari. Ndiyo, ninaufahamu. Mradi mkubwa unakuja na fedha za wafadhili. Watu wa tiba wanaandika maswali, watu wa takwimu wanachagua sampuli, watu wa uchumi wanakadiria gharama. Kila kitu kinapokuwa kimeshaamuliwa, wiki moja kabla ya kwenda uwandani, simu inapigwa idara ya Kiswahili: tafadhali tutafsirieni dodoso hili kufikia Ijumaa. Naomba nieleweke: kutafsiri ni kazi ya heshima. Lakini kumwita mtu wa lugha baada ya maswali kuandikwa ni sawa na kumwita fundi wa msingi baada ya paa kuezekwa. Mtu wa lugha angekaa mezani siku ya kwanza, angeuliza, "Kisanduku cha saa kiko wapi?" Siku ya mwisho anachoweza kufanya ni kuutafsiri upungufu ule kwa Kiswahili fasaha.

Gharama ya kuchelewa huko imeonekana karibu nasi kabisa. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 2018 huko Kivu ya Kaskazini, ukaenea hadi Ituri, ulidumu hadi Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafa. Mwezi Juni 2019 ulivuka mpaka ukaingia Kasese, wilaya nilikozaliwa mimi. Safari hii dunia ilikuwa na chanjo, na zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Sayansi ya maabara ilikuwa imefanya sehemu yake. Hata hivyo vituo vya tiba vilichomwa moto na wahudumu wakashambuliwa, kwa sababu za vita na siasa, lakini pia kwa sababu watu hawakuziamini habari zilizoletwa kwa lugha isiyo yao. Mabango ya Kifaransa hayakuwafikia wengi. Hata Kiswahili sanifu kilikuwa na maneno ambayo watu wa Beni na Butembo hawayatumii. Wao huzungumza Kinande, ndugu wa damu wa Kikonzo chetu, na Kiswahili chao wenyewe. Sisi wa Kasese tungeweza kueleza hilo kwa dakika tano, lakini maarifa hayo yalikuwa yamefungiwa kwenye idara za lugha, na hakuna aliyejua kwamba ni maarifa ya kuokoa maisha.

Afrika Magharibi ilikuwa imeshatufundisha somo hilo. Katika Ebola ya Guinea, Liberia na Sierra Leone, maziko yalikuwa njia kubwa ya kuambukizana. Mwanzoni timu zilichukua maiti kwenye mifuko na kuzika bila ndugu, na watu wakaanza kuficha wafu wao. Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa maziko salama na yenye heshima, ulioandaliwa pamoja na wataalamu wa anthropolojia na viongozi wa dini, Waislamu na Wakristo. Kirusi kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni nani amekaa mezani wakati mwongozo unaandikwa.

Kwa nini basi kuta zinaendelea kusimama? Sitaki kuwalaumu makarani na fomu zao. Mizizi iko chini zaidi. Katika shule zetu, mtoto wa Uganda akimaliza kidato cha nne hugawanywa: huyu sayansi, huyu sanaa. Kutoka siku hiyo wanaanza kudharauliana. Serikali nayo imeweka bei kwenye dharau hiyo. Mwaka 2022 mshahara wa mwalimu wa sekondari mwenye shahada ya sayansi ulipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, na mwenzake wa sanaa wanayefundisha naye shule moja akaachwa nyuma sana. Walimu walifanya mgomo mwezi Juni. Viongozi wetu wamesema hadharani, zaidi ya mara moja, kwamba kozi za sanaa hazina faida kwa taifa. Halafu Julai ya mwaka huohuo Baraza la Mawaziri likapitisha kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule zetu. Kwa hiyo Juni sisi wa lugha hatuna faida, Julai taifa haliwezi kwenda bila sisi. Mwanafunzi wa tiba anayesikia habari hizi mbili ataamini ipi? Ataamini ile yenye mshahara.

Ndani ya chuo nako, mwamba ngoma huvutia kwake. Mhadhiri hupanda cheo kwa makala aliyoandika katika jarida la fani yake. Akiandika na mtu wa fani nyingine, kila idara huuliza kama makala hayo ni yake kweli. Idara hupata fedha kwa idadi ya wanafunzi wake, kwa hiyo mwanafunzi anayevuka barabara anaonekana kama ng'ombe aliyeingia zizi la jirani. Hakuna mtu mbaya katika hesabu hiyo. Kila mmoja analinda mkate wake. Lakini wapiganapo mafahali wawili nyasi ndizo huumia, na nyasi za hapa ni yule mama mlangoni pa kliniki iliyofungwa.

Sasa niwageukie wenzangu wa Kiswahili, maana itakuwa unafiki kuwasema jirani na kuacha nyumba yetu. Sisi nasi tumejenga ukuta, tena tunaupaka rangi kila mwaka. Kila Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, tunasimama na kusema Kiswahili kinaweza kubeba sayansi. Kisha tunarudi madarasani kuandika tasnifu ya arobaini juu ya ngeli za nomino. Tunabishana kwa ukali kuhusu istilahi ipi ni bora, na hatujawahi kukaa nusu saa kwenye benchi la zahanati kusikia muuguzi na mgonjwa wanatumia neno gani. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na baadaye kamusi ya tiba. Vitabu vya namna hiyo haviwezi kuandikwa na mtu wa lugha peke yake, wala na mtu wa sayansi peke yake. Wazee wetu walijua hivyo. Sisi warithi wao tunazitumia kamusi hizo kama ushahidi katika hotuba, badala ya kuendeleza mtindo wa kazi uliozizaa.

Tena tunakidharau Kiswahili cha watu. Mama yule aliposema "nilikuya", mwanafunzi mwenzangu niliyemsikilizisha sauti ile alicheka akasema, "Hicho si Kiswahili." Ni Kiswahili cha mamilioni ya Wakongo, ambao nchi yao iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Muuguzi atakayekutana nao hahitaji tumwambie kwamba wamekosea. Anahitaji tumwambie kwamba wanapotamka saa mbili wanamaanisha nini.

Ninachodai hakihitaji jengo jipya wala mfadhili. Kwanza, fomu ya tasnifu iwe na nafasi ya wanafunzi wawili na wasimamizi wawili kutoka idara mbili, kila mmoja akitahiniwa kwa sehemu aliyoiandika. Wanaouliza nani atatoa alama wakumbuke kwamba vyuo vyetu huazima watahini wa nje kutoka nchi nyingine kila mwaka. Kinachoweza kuvuka mpaka wa nchi kinaweza kuvuka barabara. Pili, makala ya pamoja yahesabiwe kikamilifu kwa kila mwandishi anapoomba cheo, ili mhadhiri asilazimike kuchagua kati ya ukweli na watoto wake. Tatu, mradi wowote wa utafiti utakaohoji watu kwa Kiswahili au lugha nyingine yetu uwe na mtu wa lugha tangu siku ya kuandika maswali, na kamati za maadili zikatae mradi usio naye. Kamati hizo huuliza kama mgonjwa ameridhia kuhojiwa. Ataridhiaje swali lililoandikwa bila yeye kueleweka?

Nne, na hili ni letu sisi wanafunzi: tusiwangoje. Baada ya tasnifu zetu kukusanywa, rafiki yangu na mimi tulirudi kwenye kituo kile kwa nauli zetu. Hatukwenda na jambo kubwa. Tulikaa na muuguzi na wagonjwa watatu tukatengeneza kadi ya miadi. Ina mchoro wa uso wa saa ambao muuguzi anauwekea mishale kwa kalamu, na pembeni yake mchoro wa jua: linachomoza, liko utosini, linazama. Muuguzi hutamka saa kwa namna yake, kisha humwonyesha mgonjwa mchoro na kumwuliza, "Utakuja jua likiwa wapi?" Wazo la jua lilitoka kwa mmoja wa wagonjwa. Si langu, wala si la rafiki yangu. Hapo ndipo nilipojua kwamba mezani palikuwa na kiti cha tatu ambacho hata sisi, katika malalamiko yetu yote, tulikuwa tumekisahau.

Sisemi kadi ile imemaliza utoro. Hatujaipima, na hatukuwa na chuo cha kutupa ruhusa ya kuipima. Hiyo ndiyo kazi ambayo tasnifu ya pamoja ingeifanya.

Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliacha lile neno la mtoro katika takwimu zake za kifua kikuu, likaweka linalosema kwamba mgonjwa amepotea katika ufuatiliaji. Ni badiliko jema, la neno moja tu. Neno la zamani linamlaumu mgonjwa. Neno jipya linauliza ni nani aliyepaswa kumfuata. Watu wa lugha wanaweza kueleza tofauti hiyo, na watu wa tiba wanaweza kuifanyia kazi. Lakini katika kituo kile neno la zamani bado linatamkwa, na siku tulipoondoka nilifungua daftari nikaona jina la mama yule bado limeandikwa kwa wino mwekundu, ingawa alikuwa ameshaanzishiwa dawa upya kuanzia siku ya kwanza. Nilimwomba muuguzi alifute. Akasema daftari la serikali halifutwi.

Basi na libaki. Nami naomba liletwe chuoni, liwekwe katikati ya ile njia ya dakika kumi, mbele ya mama wa chapati, na wakuu wa vitivo vyote viwili waje kulisoma. Waje saa mbili. Kila mmoja achague ni ipi.